Tofali Linalovunjika: Kitendawili Kilichohamia Kiooni

Utangulizi

"Kitendawili!" "Tega!" Kwa mwanafunzi yeyote wa Kiswahili, maneno haya mawili ni mlango wa kuingilia katika fasihi simulizi. Huyakariri akiwa katika shule ya msingi, huyachambua akiwa katika shule ya upili, na afikapo chuo kikuu huyakuta tena, safari hii yakiandamana na maombolezo. Huambiwa kwamba meko yamezimika, kwamba nyanya hana tena wajukuu wa kumsikiliza, na kwamba vijana wamemezwa na runinga, rununu na michezo ya video. Maombolezo hayo yamerudiwa mara nyingi mno hata yakawa ni sehemu ya somo lenyewe.

Ni nadra, hata hivyo, kumpata mwombolezaji akitua kidogo kuutazama huo mchezo anaoushutumu. Laiti angetua, angemwona kijana aliyesimama mbele ya ukuta kwenye kioo cha runinga kwa muda mrefu, akiupiga hapa, akiugonga pale, akirudi nyuma, akiutazama tena. Kwa mtu wa nje huo ni upuuzi mtupu. Kwa kijana mwenyewe, ukuta umemwambia neno naye amekwisha kuitikia "tega". Kilichobaki ni kutegua.

Makala haya yanashikilia kwamba kizuizi kinachovunjika, ambacho kimekuwa mhimili wa michezo ya kurukaruka majukwaani na ile ya safari na uvumbuzi, ni kitendawili kwa umbo na kwa kazi. Yanashikilia vilevile kwamba vigezo vinavyofunzwa katika madarasa ya fasihi simulizi vinatosha kukihakiki, na kwamba idara za Kiswahili zinapokipa kisogo hazilindi urithi wowote. Zinaukimbia urithi huo pale ulipohamia.

Kizuizi kinachorejelewa ni kile kinachomfungia mchezaji njia, au kumfichia kitu, lakini ambacho kimeumbwa ili hatimaye kishindwe: tofali la kupigwa kwa chini, ukuta wa kulipuliwa kwa bomu, kasha la kupasuliwa, kichaka cha kufyekwa, jiwe la kuinuliwa na kutupwa kando.

Kauli ya Kutendeka

Sarufi ya Kiswahili imekwisha kulitengenezea jambo hili njia. Kiambishi -ik- au -ek- humwondoa mtenda katika sentensi na kuacha hali au uwezekano. Anayesema "kikombe kimevunjika" hasemi ni nani aliyekivunja. Anayesema "njia hii haipitiki" hamlaumu mpitaji. Anaeleza sifa ya njia. Msemaji wa Kiswahili basi anayo tayari, ndani ya kitenzi, dhana ambayo wabunifu wa michezo walitumia takriban miaka kumi kuikomaza: kitu ambacho kuvunjika ni sehemu ya maumbile yake, hata kabla hajatokea wa kukivunja.

Historia yenyewe ilianza na tofali lisilo na siri. Mnamo 1976 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mchezo wa Breakout, ambamo mpira hudunda kutoka kwenye kibao kilicho chini hadi kwenye safu za matofali zilizo juu, na kila tofali linaloguswa hutoweka. Steve Wozniak na Steve Jobs walikuwa wameshughulikia mtambo wa mfano wa mchezo huo kabla hawajaanzisha kampuni ya Apple. Tofali la Breakout lilikuwa shabaha tu. Lilivunjwa kwa sababu lilikuwapo.

Mwaka wa 1983 ulileta mabadiliko mawili. Katika Lode Runner, uliobuniwa na Douglas E. Smith, mchezaji huchimba matofali ya sakafu, na baada ya muda mfupi shimo hujiziba lenyewe. Anaweza kumnasa adui humo, na asipokuwa mwangalifu anaweza kujizika. Katika Bomberman, mchezo wa kampuni ya Hudson Soft ya Japani, kuta zikawa za aina mbili: zisizovunjika kabisa na zinazovunjika kwa bomu, na chini ya mojawapo ya hizi za pili ndiko ulikofichwa mlango wa kutokea. Hapo tofali likaanza kuwa na tumbo.

Kisha ukaja mwaka wa 1985 na Super Mario Bros., kazi ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka wa kampuni ya Nintendo. Mario aliye mdogo akiligonga tofali kwa chini, hulitikisa tu likarudi mahali pake. Akisha kuupata uyoga na kuwa mkubwa, tofali lilelile humpasukia vipande vipande. Kwa Mario mdogo tofali halivunjiki. Kwa Mario mkubwa linavunjika. Kauli ya kutendeka, ambayo katika sarufi humficha mtenda, hapa inageuka kuwa kipimo chake. Tofali halijabadilika hata chembe. Aliyebadilika ni mhusika, na mchezaji amelijua hilo bila kuambiwa kwa neno lolote. Mhakiki wa riwaya angeliita ukuaji wa mhusika, naye asingekosea.

Zipo sababu za kiufundi pia. Mchezo wote ulitoshea katika kilobaiti 40. Mandhari yake yalipangwa kwa vigae vidogo vya nukta 8 kwa 8 vilivyotumiwa tena na tena, hata kichaka cha ardhini na wingu la angani vina umbo moja, rangi tu ndizo zinazotofautiana. Katika mpango wa aina hiyo, kulivunja tofali ni kuviondoa vigae vinne na kuweka vigae vya anga mahali pake, kazi nyepesi kwa mashine dhaifu ya wakati huo. Mwanafunzi wa ushairi, aliyeuzoea mshororo wa mizani 16 uliogawika vipande viwili vya mizani 8, atatabasamu akijua kwamba tofali la Mario lina upana wa nukta 16, yaani vigae viwili vya nukta 8. Ni sadfa, lakini ina funzo. Ufinyu wa umbo humlazimu mtunzi kutia maana nyingi mahali padogo, na kitendawili, ambacho aghalabu hakizidi maneno matano, ni ushahidi wa kale wa jambo hilo.

Kutega na Kutegua

Hebu kitazamwe kitendawili mashuhuri: "Nyumba yangu haina mlango." Jibu ni yai. Kitendawili hiki kinatoa dalili mbili tu. Kwanza, ni nyumba, kwa hivyo pana kitu kinachokaa ndani. Pili, haina mlango, kwa hivyo anayetaka kuingia au kutoka hana budi kuvunja. Dalili zote mbili ni za kweli, na baada ya jibu kutolewa msikilizaji hujiuliza ilikuwaje asione. Hapo ndipo ulipo ubora wa kitendawili: jibu ni gumu kabla na ni wazi baadaye. Kitendawili kisicho na dalili ni ulaghai. Chenye dalili nyingi mno ni maelezo.

Kipimo hicho hicho kinafaa kwa kizuizi kinachovunjika. Mnamo 1986 Nintendo ilitoa The Legend of Zelda. Miyamoto amesimulia mara nyingi jinsi alivyozurura utotoni katika vilima vya Sonobe, karibu na mji wa Kyoto, na jinsi alivyoingiwa na mshangao alipokuta pango. Mshangao huo aliutia katika mchezo. Mapango mengi yamefichwa nyuma ya miamba inayolipuliwa kwa bomu na chini ya miti inayoteketezwa kwa moto. Ila katika miamba hiyo hapana ufa wala alama. Mchezaji asiyedokezewa hulazimika kulipua mlima mzima hatua kwa hatua, akitumaini kwamba bahati itamwangukia. Kwa kipimo cha yai, hapo kitendawili kimeteleza: nyumba ipo, lakini mteguzi hakuambiwa kwamba ni nyumba.

Mchezo wa 1991 katika mfululizo huohuo, A Link to the Past, ulisahihisha kasoro hiyo. Kuta nyingi zinazolipulika zikatiwa nyufa, na mchezaji akaweza kuugonga ukuta kwa ncha ya upanga na kusikia kwamba penye uwazi nyuma yake hulia tofauti. Dalili ikatolewa kwa jicho na kwa sikio. Mwenye pupa huupita ufa asiuone. Mtulivu huuona na kufurahi kwamba utulivu wake umelipwa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua.

Ngazi ya juu zaidi ya ufundi huu hupatikana katika Super Metroid wa 1994. Mhusika mkuu, Samus Aran, hupita mapema ndani ya bomba kubwa la kioo lililolazwa chini ya maji. Mchezaji huona maji yaliyo upande wa pili, lakini hana njia ya kuyafikia. Muda mrefu baadaye, akiwa amepata bomu lenye nguvu zaidi, akikumbuka lile bomba na kurudi, huweza kulipasua na kuingia katika sehemu mpya ya sayari. Aliyoyaona mwanzoni kama mapambo yalikuwa mlango. Katika uhakiki wa riwaya jambo hili lingejadiliwa chini ya taharuki na udokezaji wa matukio, na mwanafunzi angetarajiwa kulieleza kwa mifano katika mtihani.

Ngano za Afrika Mashariki nazo zina milango yake. Inajulikana sana ile ya mama anayewaachia watoto wimbo wa kuwafungulishia mlango, na zimwi linalojifunza kuigiza sauti yake mpaka likafaulu. Wasomaji wa hekaya za Alfu Lela U Lela nao wanamjua Ali Baba na mwamba unaofunguka kwa neno, pamoja na nduguye aliyelisahau neno hilo akiwa ndani. Katika visa hivyo vyote ufunguo ni sauti na kumbukumbu. Tofauti ni kwamba hadhira ya ngano humtazama mhusika akikumbuka au akisahau, ilhali hadhira ya mchezo hukumbuka au husahau yenyewe. Je, hilo ni geni? La. Kitendawili kimekuwa siku zote utanzu ambao hadhira yake haiwezi kukaa kimya. Asiyetegua hutoa mji.

Desturi ya kutoa mji nayo haikukosekana. Huko Marekani katika miaka ya 1980, Nintendo iliajiri washauri waliopigiwa simu na wachezaji waliokwama, na tangu 1988 ikachapisha jarida la Nintendo Power lililojaa ramani na siri. Aliyeshindwa alitoa fedha badala ya mji. Huko Japani, mchezo wa The Tower of Druaga wa kampuni ya Namco, uliotoka mwaka wa 1984, ulikuwa na ghorofa 60 zenye hazina zilizofichwa kwa masharti magumu, pamoja na sururu ya kuvunjia kuta, na kuumaliza kulitegemea sana wachezaji kupashana siri. Penye kitendawili kizuri huzuka jamii ya wateguzi, na hili nalo wanafunzi wa fasihi simulizi wamelifunzwa tangu awali.

Gharama ya Kuvunja

Lipo swali ambalo wapenzi wa michezo hii hawapendi kulijibu. Kuvunja ni tendo zito. Katika lugha ya Kiswahili huvunjwa ahadi, nyumba, ungo, mwiko na amani. Je, mchezo unaomlipa mtoto sarafu kwa kila anachokivunja haumfunzi kwamba ulimwengu ni wa kubomolewa?

Jibu la haraka ni kusema kwamba hayo ni matofali ya picha tu. Jibu hilo ni dhaifu, na ajabu ni kwamba baadhi ya michezo yenyewe haikuridhika nalo. Kijitabu cha maelezo kilichoambatana na Super Mario Bros. kinasimulia kwamba wenyeji wa ufalme wa uyoga walirogwa na adui yao wakageuzwa kuwa mawe, matofali na mimea. Anayekisoma kisha akarudi kwenye kioo hawezi tena kuligonga tofali kwa moyo uleule. Mchezo hausemi ni tofali lipi. Mamilioni ya wachezaji hawakukisoma kamwe kijitabu hicho, nao wakapita wakivunja. Hapa pana kejeli ya kiwango cha juu: mwokozi wa ufalme huenda anawasambaratisha raia wake njiani kwenda kuwaokoa. Mwandishi wa tamthilia angeupata ufunguzi huo angeujengea onyesho zima.

The Legend of Zelda nao una kikumbusho chake. Mchezaji hulipua mwamba kwa matumaini makubwa, akaingia pangoni akitarajia hazina, akamkuta mzee ambaye, badala ya kumpa kitu, humdai rupia 20 za kutengeneza mlango aliouvunja. Fedha hizo hukatwa papo hapo. Tukio hili huchekesha, lakini ndani ya kicheko chake mna neno la hekima: nyuma ya kila ukuta huenda pana mwenyewe, na uvumbuzi wa mmoja ni hasara ya mwingine. Katika historia ya Afrika wako wengi walioitwa wavumbuzi ambao hawakuwahi kukutana na mzee wa aina hiyo mlangoni.

Kwa hivyo hoja si kwamba michezo hii haina maadili wala kwamba ina maadili mema. Hoja ni kwamba inayo maadili ya kuhakikiwa, kama ilivyo kwa ngano za sungura, ambazo humsifu mjanja anayewadhulumu wakubwa na ambazo hakuna idara iliyopendekeza zitupwe.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wanaoijua michezo hii vyema. Watasema kwamba vizuizi vingi si vitendawili hata kidogo, ni vijazio. Wana haki. Mnamo 2000 wahakiki wawili Wamarekani, Erik Wolpaw na Chet Faliszek, walipendekeza kwa dhihaka kwamba kila mchezo upimwe kwa idadi ya sekunde zinazopita kabla mchezaji hajakutana na kasha la kwanza, maana hapo ndipo wabunifu walipoishiwa na mawazo. Kasha linalovunjwa bila dalili, bila siri na bila kumbukumbu ni kibarua tu. Lakini pingamizi hili linaiunga mkono hoja. Wanaolalamika kuhusu kasha bovu wanakiri kwamba lipo kasha bora, na kazi ya kutenganisha bora na bovu ndiyo hasa inayoitwa uhakiki. Vitendawili vibovu navyo vipo, na havijawahi kuuvunjia hadhi utanzu wa vitendawili.

Pingamizi la pili ni kwamba kitendawili ni tukio la watu wawili walio hai, wanaotazamana machoni, ilhali mchezo ni mtu na mtambo. Pingamizi hili lina uzito na halifai kupuuzwa. Mtegaji aliye hai huona uso wa mteguzi, akaongeza kidokezo au akamzungusha. Tofali halimwoni mtu. Kitu fulani kimepotea, na asiyekubali hivyo hajawahi kukaa kwenye kikao cha vitendawili. Hata hivyo, pengo hilo si geni. Ndilo pengo lililofunguka fasihi simulizi ilipoandikwa vitabuni: mtambaji akaondoka, wino ukabaki. Wasomi hawakukataa kukisoma kitabu kwa sababu hakina uso. Walijifunza kumtafuta mtunzi katika dalili alizoziacha. Ufa kwenye ukuta ni dalili ya aina hiyo. Mtu aliuchora kwa makusudi, akijua kwamba siku moja mtu mwingine atausoma.

Pingamizi la tatu ndilo linalosikika zaidi katika korido za vyuo: kwamba haya ni mambo ya kigeni, ya Wajapani na Wamarekani, yasiyomhusu Mswahili. Wanaosema hivyo hufundisha tamthilia za Sophocles na Shakespeare zilizofasiriwa kwa Kiswahili, na hakuna anayewauliza Thebes na Venisi zinamhusu vipi mtu wa Kakamega. Ugeni wa chanzo haujapata kuwa hoja dhidi ya uhakiki. Aidha, michezo hii haiko mbali kama inavyodhaniwa.

Mfano ulio karibu ni Minecraft, uliobuniwa na Markus Persson wa Uswidi, ukaanza kupatikana kwa umma mnamo 2009 na kukamilishwa 2011. Humo ulimwengu karibu wote ni matofali yanayovunjika, na kila linalovunjwa huokotwa likawa kifaa cha kujengea. Tabaka la mwamba lililo chini kabisa ndilo lisilovunjika katika uchezaji wa kawaida. Kampuni ya Microsoft iliinunua kampuni iliyouunda mnamo 2014 kwa dola bilioni 2.5, na mnamo 2023 ilitangazwa kwamba nakala zilizouzwa zimepita milioni 300. Mwaka wa 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, liliingia ubia na watengenezaji wa mchezo huo ili kuutumia katika kupanga maeneo ya umma. Miongoni mwa maeneo ya mwanzo ni uwanja wa michezo wa Silanga, mtaani Kibera. Wakazi ambao hawakuwahi kusoma michoro ya wasanifu wa majengo waliweza kuona mtaa wao kwenye kioo, wakaondoa tofali hapa na kuliweka pale, wakajadiliana. Nani atasema mbele ya wakazi hao kwamba matofali ya kioo hayawahusu?

Hitimisho

Ikiwa hoja hii ina mashiko, basi kuna kazi tatu zinazowangoja wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Ya kwanza ni ya istilahi. Kijana wa Nairobi au Mombasa anayecheza huzungumzia mchezo wake kwa mseto wa Kiingereza na Sheng' kwa sababu hakupewa maneno mengine. Kazi si ngumu, ila inahitaji uangalifu. "Kizuizi vunjifu" hakifai, kwa maana neno "uvunjifu" limezoeleka katika "uvunjifu wa amani", na hapo kizuizi ndicho kingeonekana kuwa mvunjaji. "Kizuizi cha kuvunja" kinamtaja mtenda kabla hajafika. "Kizuizi kivunjikacho" kinaihifadhi kauli ya kutendeka na kuacha wazi swali la nani, lini na kwa nyenzo gani. Kinyume chake kitakuwa "kizuizi kisichovunjika". Kwa upande wa vitenzi, Kiswahili hakina haja ya kukopa chochote. Tofali huvunjwa, ukuta hubomolewa, mwamba hupasuliwa, kichaka hufyekwa, sakafu huchimbwa, kasha hubanduliwa mbao zake. Kila kitenzi kinabeba nyenzo yake na jitihada yake. Utajiri huo umelala bure.

Ya pili ni ya utafiti. Tasnifu nyingi juu ya vitendawili hukusanya, huainisha na kueleza vilivyosemwa na wazee. Kazi hiyo ni ya lazima na haijakamilika. Lakini mtafiti anayetaka kujua kama tabia ya kutega na kutegua ingali hai hana budi kuwafuata pia wateguzi wa leo katika vibanda vya michezo mitaani, asikilize wanavyopashana siri, aone nani hutoa mji na hutoa nini.

Ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote, ni ya utunzi. Vitendawili vinavyoteguliwa na vijana wa Kenya kwenye kioo vimetegwa na watu wengine, kwa lugha nyingine, kutokana na vilima vya utoto wa watu wengine. Miyamoto alikuwa na Sonobe yake. Kuna watoto waliokulia kando ya mapango ya Mlima Elgon, kwenye magofu ya Gede na katika vichochoro vya Lamu, ambako kila ukuta wa mawe ya matumbawe unaonekana kuficha ua. Wanafunzi wa fasihi simulizi ndio wanaojua namna kitendawili kinavyojengwa. Wanafunzi wa tarakilishi, walio katika jengo la pili la chuo kilekile, ndio wanaojua namna tofali linavyochorwa. Kati ya majengo hayo mawili kuna ukuta. Umesimama muda mrefu, na wengi wameuzoea hata wakadhani ni sehemu ya mlima. Ukitazamwa kwa utulivu, nyufa zake zinaonekana.